Namba ya Sissa na Vigawo Vyake Saba



Namba nitakayoizungumzia jioni hii ni hii:

18,446,744,073,709,551,615

Ina tarakimu 20. Ukitaka kuisoma kwa sauti, sema trilioni 18,446,744, milioni 73,709, na 551,615. Wengi wenu mmeshapita karibu nayo, kwa kuwa ndiyo jawabu la kisa cha kale cha sataranji. Mjuzi mmoja wa Bara Hindi, ambaye waandishi wa Kiarabu humwita Sissa bin Dahir, alimtungia mfalme wake mchezo huo. Mfalme akafurahi, akamwambia ataje zawadi aitakayo. Sissa akaomba ngano: punje 1 katika mraba wa kwanza wa ubao, punje 2 katika wa pili, 4 katika wa tatu, 8 katika wa nne, na kuendelea hivyo maradufu kwa maradufu hadi mraba wa 64. Mfalme akaona ombi ni dogo mno kwa hadhi yake. Makarani walipopiga hesabu, ghala zote za ufalme hazikutosha.

Kisa hiki kimesimuliwa kwa zaidi ya miaka elfu, na kwa kawaida huishia hapo: namba ni kubwa, mfalme kanyamaza, wasikilizaji wameshangaa. Mimi nina dai moja, nalo ni kwamba ukubwa ndiyo sifa hafifu kuliko zote za namba hii. Tazameni majirani zake wawili wanaoifuata. Ile inayoishia na 616 inaizidi kwa moja tu, na hakuna namba tasa inayoigawanya isipokuwa 2. Ile inayoishia na 617 ni zao la namba tasa mbili, na mtu aliyezitangaza alikuwa mzee wa miaka 82. Yetu, inayoishia na 615, ni zao la namba tasa saba, zote witiri, hakuna iliyojirudia. Kwa macho, hizi tatu zina ukubwa mmoja. Kwa tabia, kila moja ina kwao.

Kwa wale walioachana na hisabati siku nyingi: namba tasa ni ile isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 2, 3, 5, 7, 11. Kila namba nzima inayozidi 1 ni tasa au ni zao la namba tasa, na zao hilo ni la aina moja tu. Ukishajua vigawo tasa vya namba, umeijua asili yake. Kazi yetu ni kuvipata vigawo vya namba ya Sissa kwa kalamu na karatasi, na ninawaahidi kwamba hakuna hatua hata moja ambayo mtu aliyemaliza kidato cha nne hawezi kuihakiki mwenyewe.

Kwanza tuone inavyopatikana. Kujumlisha miraba 64 mmoja mmoja kunachosha, na hakuna haja. Jumla yote tuiite J. Ukiizidisha J kwa 2, kila mraba unachukua thamani ya mraba unaoufuata: 1 inakuwa 2, 2 inakuwa 4, na mraba wa mwisho unatoka nje ya ubao, unakwenda mahali ambapo mraba wa 65 ungekuwapo. Sasa toa J ya mwanzo kutoka katika hiyo iliyozidishwa. Vya katikati vyote vinafutana. Kinachobaki ni thamani ya mraba wa 65 kutoa 1, yaani 2⁶⁴ − 1.

Na 2⁶⁴ yenyewe? Abu Rayhan al-Biruni, mzaliwa wa Khwarazm, aliifafanua hesabu hii karibu mwaka 1000 katika kitabu chake kuhusu kalenda na tarehe za mataifa. Hakuongeza maradufu mara 64. Alizidisha namba kwa yenyewe. Anza na 2. Mara yenyewe ni 4. Nne mara yenyewe ni 16. Kumi na sita mara yenyewe ni 256. Halafu 65,536. Halafu 4,294,967,296. Halafu 18,446,744,073,709,551,616. Hatua sita basi! Nne za kwanza ni nyepesi, ya tano inataka utulivu, ya sita ndiyo pekee inayojaza karatasi. Punguza moja na umefika. Kompyuta za leo, zinapotafuta kipeo kikubwa, hutumia mbinu hiyohiyo ya kuzidisha namba kwa yenyewe.

Kuna masimulizi mengine ninayoyapenda zaidi, kwa sababu yanamwonyesha mtu wa kawaida akiwa kazini. Ibn Khallikan, mwanahistoria wa karne ya 13, anaeleza kwamba hakuamini kisa cha Sissa mpaka alipokutana na karani wa hesabu kutoka Iskandaria aliyemchorea kila kitu kwenye karatasi. Karani yule aliongeza maradufu hadi mraba wa 16, akapata punje 32,768, akasema: hizi ni kadaha moja, yaani kipimo kimoja cha nafaka cha Misri. Kuanzia hapo akaacha kuhesabu punje, akahesabu kadaha. Kufika mraba wa 20 zilikuwa kadaha 16, ambazo ni waiba moja. Akahamia kwenye waiba. Waiba sita ni ardabu moja, na mraba wa 40 ukampa ardabu 174,762 na theluthi mbili. Hicho akakiita ghala moja. Mraba wa 50 ukawa ghala 1,024, akasema huo ni mji mmoja. Kutoka hapo imebaki miraba 14 tu, na mraba wa 64 ukampa miji 16,384. Duniani, akasema, hakuna miji mingi kiasi hicho.

Mimi nilizipitia takwimu hizo zote, na zinakubaliana. Maradufu 20 kutoka mraba wa 20 hadi wa 40 ni 1,048,576. Gawanya kwa 6 unapata 174,762 na theluthi mbili barabara. Karani yule, ambaye jina lake halikuandikwa, alifanya jambo la kifundi kabisa: kila namba ilipomzidi, alibadilisha kipimo. Hesabu ikabaki ndogo mkononi mwake hata pale wingi wenyewe ulipokuwa umevuka mipaka ya akili.

Kuhusu uzito nitapita haraka. Tukikadiria punje 25 za ngano kwa gramu moja, nusu ya kwanza ya ubao, miraba 32, ina tani kama 172, mzigo unaobebeka kwa malori machache. Ubao mzima una tani bilioni 738. Mavuno ya ngano ya dunia nzima kwa mwaka ni karibu tani milioni 800, kwa hiyo deni la mfalme lingelipwa kwa zaidi ya miaka 900, bila mtu yeyote kuonja mkate.

Lakini angalieni: kutoka nusu ya ubao hadi ubao mzima, punje zimezidishwa mara ngapi? Jibu la swali hilo limebeba vigawo vyote tunavyovitafuta.

Tuutazame ubao kwa karibu. Safu ya kwanza ina miraba minane: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Jumla yake ni 255. Safu ya pili inaanza na 256, na kila mraba wake una punje mara 256 ya mraba wa chini yake. Kwa hiyo safu ya pili nzima ni 255 mara 256. Zijumlishe hizo mbili: 255 mara 1, na 255 mara 256, ni 255 mara 257. Safu mbili ni safu moja iliyozidishwa kwa 257. Tumeshapata kigawo, na hatujatumia fomula yoyote.

Rudia hoja hiyo kuanzia chini kabisa. Miraba miwili ya kwanza ina punje 3. Miraba minne ni 3 × 5. Miraba minane ni hiyo mara 17. Miraba 16 ni hiyo mara 257. Miraba 32 ni hiyo mara 65,537. Na ubao mzima ni hiyo mara 4,294,967,297. Kila unapolirefusha eneo maradufu, unazidisha kwa namba mpya, na namba hiyo mpya daima ni punje za mraba unaoingia, ukiongeza moja. Kwa hiyo namba ya Sissa ni:

3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 × 4,294,967,297

Mnaweza kuonja ukweli wake papo hapo. Namba yetu inaishia na 5, kwa hiyo 5 inaigawanya. Jumlisha tarakimu zake zote: utapata 87, inayogawanyika kwa 3 lakini si kwa 9. Kwa hiyo 3 imo, na imo mara moja tu.

Sasa tuviulize hivi vipande sita: ninyi ni tasa? Vitatu vya kwanza havina mjadala. Kwa 257 inatosha kujaribu 2, 3, 5, 7, 11 na 13, kwa sababu 17 mara 17 imeshaipita, hakuna inayoigawanya. Kwa 65,537 kuna namba tasa 54 za kujaribu, kazi ya alasiri moja kwa mwanafunzi mwenye subira, na zote zinashindwa. Kwa hiyo vitano ni tasa. Na cha sita?

Hapa anaingia Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa. Mwaka 1640 alikuwa akiwaandikia rafiki zake kuhusu namba za mtindo huu, ambazo leo huitwa namba za Fermat. Aliziona 3, 5, 17, 257, 65,537, zote tasa, na akaamini kwamba mfuatano huo utaendelea kutoa namba tasa milele. Alikiri hana uthibitisho, ila imani yake ilikuwa thabiti. Na kweli, mtu akiona tano mfululizo, nani atamlaumu kwa kuitegemea ya sita? Kuijaribu ya sita kwa njia ya kawaida kulitaka kugawanya kwa namba tasa 6,542.

Imani hiyo ilikaa miaka tisini na kitu. Desemba 1729 mwanahisabati Christian Goldbach alimwandikia mwenzake kijana, Leonhard Euler, aliyekuwa Saint Petersburg, akamuuliza kama anaijua kauli hii ya Fermat. Mwaka 1732 Euler akatoa jibu: 4,294,967,297 inagawanyika kwa 641.

Ninaomba tusimame hapa tuuone ushahidi kwa macho yetu, maana ni miongoni mwa vitu vizuri kuliko vyote ninavyovijua katika hisabati. Njia nitakayoonyesha si ile ya Euler mwenyewe, ilitafutwa baadaye. Namba 641 ina sura mbili. Kwanza, ni 640 + 1, na 640 ni 5 × 128, yaani 5 × 2⁷. Pili, ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Shikeni sura hizo mbili.

Chukua sura ya pili, uizidishe kwa 2²⁸. Unapata 641 × 2²⁸ = 5⁴ × 2²⁸ + 2³². Lakini 5⁴ × 2²⁸ si kitu kingine ila 5 × 2⁷ iliyopandishwa kipeo cha nne, yaani 640⁴. Kwa hiyo 2³² ni 641 × 2²⁸ kutoa 640⁴. Ongeza 1 pande zote mbili:

2³² + 1 = 641 × 2²⁸ − (640⁴ − 1)

Kushoto ni namba ya Fermat. Kulia, kipande cha kwanza kinagawanyika kwa 641 waziwazi. Na cha pili? Ni tofauti ya vipeo, na hupasuka hivi: 640⁴ − 1 = (640 + 1)(640 − 1)(640² + 1), ambayo ni 641 × 639 × 409,601. Nacho kinagawanyika kwa 641! Basi vipande vyote viwili vya kulia vinagawanyika kwa 641, na namba ya kushoto haina pa kukimbilia. Hata kigawo cha pili kinajitokeza bila kugawanya: 2²⁸ ni 268,435,456, toa 639 × 409,601, ambayo ni 261,735,039, inabaki 6,700,417.

Kwa hiyo 4,294,967,297 = 641 × 6,700,417. Imani ya Fermat ilianguka kwa mistari minne.

Pengine mnajiuliza Euler alifikaje 641 bila kuzipitia namba tasa zote zilizotangulia. Baadaye alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakishe 1. Namba tasa za aina hiyo, kuanzia chini, ni 193, 257, 449, 577, 641. Majaribio matano badala ya mamia. Mwaka 1878 Mfaransa Édouard Lucas akaukaza mlango zaidi: baki ya 1 inapatikana hata ukigawanya kwa 128. Sasa wamebaki wawili tu, 257 na 641. Na 257 tumeshaikuta ndani ya nusu ya ubao: inaigawanya 4,294,967,295 bila baki, kwa hiyo 4,294,967,297, iliyo mbele kwa mbili, lazima ibakishe 2. Inabaki 641 peke yake.

Kanuni hiyohiyo inatuhakikishia kwamba 6,700,417 ni tasa. Kigawo chake kidogo kabisa, kama kipo, hakiwezi kuzidi 2,588, na lazima kibakishe 1 kikigawanywa kwa 128. Tafuteni namba tasa zenye sifa hizo mbili: ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Tano. Gawanya 6,700,417 kwa kila moja na utaona baki: 170, 44, 120, 334, 622. Hakuna sifuri. Namba ya milioni sita na ushei imethibitishwa kuwa tasa kwa kugawanya mara tano. Hiki ndicho ninachokimaanisha ninapowaambia wanafunzi wangu kwamba hisabati si nguvu za kukokotoa. Nguvu za kukokotoa zinakuja pale fikra ilipoishia, na fikra ikifika mbali, zinazohitajika ni chache.

Sasa tunaweza kuiandika asili kamili ya namba ya Sissa:

18,446,744,073,709,551,615 = 3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417

Kwamba vigawo hivi vyote ni tofauti haikuwa bahati. Tumeona kwamba jumla ya punje ni mraba unaofuata kutoa 1; kwa hiyo kila kizidishi kipya, ukikipunguza 2, ni zao la vizidishi vyote vilivyokitangulia: 17 − 2 ni 3 × 5, 257 − 2 ni 3 × 5 × 17. Kama vizidishi viwili vingekuwa na kigawo kimoja cha pamoja, kigawo hicho kingeigawanya hata ile 2 ya tofauti, na vyote hivi ni witiri, haiwezekani. Goldbach aliliona hilo mwaka 1730 na kulitumia kuonyesha kwamba namba tasa hazina mwisho: mfuatano huu haukomi, na kila kizidishi kinaleta walau namba moja tasa ambayo haijawahi kuonekana kabla yake. Euklide alikuwa na uthibitisho wake miaka elfu mbili nyuma. Huu wa Goldbach, kwangu mimi, haupungui uzuri.

Turudi kwa zile tano zilizokuwa tasa. Tarehe 30 Machi 1796, Carl Friedrich Gauss, kijana ambaye bado hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba umbo la pembe 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari tu. Kwa maumbo yenye idadi tasa ya pande, tangu Wagiriki wa kale watu walijua kuchora pembetatu na umbo la pembe tano kwa njia hiyo, wakaishia hapo. Gauss aliandika ugunduzi huo katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake la kumbukumbu za hisabati, na mwaka 1801 akatoa kanuni nzima, ambayo Pierre Wantzel aliikamilisha mwaka 1837: umbo lenye idadi witiri ya pande zilizo sawa linachorwa kwa rula na bikari pale tu idadi hiyo inapokuwa namba tasa ya Fermat, au zao la namba za aina hiyo zisizojirudia.

Namba tasa za Fermat zinazojulikana ni hizo tano tu. Ukizichanganya kwa kila namna unapata maumbo 31, na lile kubwa kuliko yote lina pande 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Mmeitambua namba hiyo? Ni 4,294,967,295, punje za nusu ya kwanza ya ubao wa Sissa. Ukivuka katikati ya ubao, 641 inaingia na rula na bikari havifai tena.

Kuna Mjerumani, Johann Gustav Hermes, aliyetumia takribani miaka kumi kuandika hatua za kuchora umbo la pembe 65,537, na maandishi yake, aliyoyakamilisha mwaka 1894, yamehifadhiwa Göttingen. Wapo wanaoiona kuwa miaka iliyopotea. Siwaungi mkono. Gauss alisema inawezekana. Hermes alitaka kuona inavyowezekana. Ualimu wote umejengwa juu ya hamu hiyo ya pili.

Nimezungumza sana kuhusu ubao wa sataranji, na hapa pwani tuna mchezo wetu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Tuseme kila kete imeandikwa namba yake, 1 hadi 64, na mimi ninakuambia uchukue kete zozote unazotaka: moja, kumi, zote, mradi usirudi mikono mitupu. Una njia ngapi? Kwa kila kete kuna maamuzi mawili, kuichukua au kuiacha. Mawili mara mawili mara mawili, mara 64, ni 2⁶⁴. Toa ile njia moja ya kutochukua chochote. Jibu ni namba ya Sissa, tarakimu kwa tarakimu. Na haliwi ajabu ukifikiri kidogo. Kila namba kuanzia 1 hadi namba ya Sissa inaweza kupatikana kwa kuchagua baadhi ya miraba ya ubao na kujumlisha punje zake, na kwa njia moja tu. Kuchagua kete ni kuchagua miraba.

Kompyuta na simu zenu zinafanya jambo hilohilo. Kompyuta ya biti 64 inaihifadhi namba katika nafasi 64, kila nafasi ikiwa 0 au 1. Nafasi zote zikiwa 1, namba iliyomo ni hii yetu, na ndiyo kubwa kuliko zote zinazoenea humo. Ongeza moja na zote zinarudi sifuri. Haya si mambo ya nadharia. Desemba 2014 ilitangazwa kwamba kihesabuji cha watazamaji cha YouTube kimepanuliwa hadi biti 64, kwa sababu video ya wimbo mmoja wa Kikorea, Gangnam Style, ilivuka 2,147,483,647, kikomo cha kihesabuji cha biti 32 kinachoacha biti moja kwa ajili ya alama ya chanya au hasi. Mifumo ya zamani inayohesabu wakati kwa sekunde kuanzia mwaka 1970 itakumbana na kikomo hichohicho tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Wahandisi wanaohamishia mifumo hiyo kwenye biti 64 wanajipatia nafasi ya mabilioni ya miaka.

Lucas, yule aliyetupa kanuni ya 128, naye aliiweka namba hii katika mchezo. Mwaka 1883 alitoa fumbo la Mnara wa Hanoi: vigingi vitatu, na visahani vilivyopangwa kikubwa chini, kidogo juu. Unahamisha kisahani kimoja kwa wakati, na kikubwa hakikai juu ya kidogo. Katika hekaya aliyoiambatanisha, mnara una visahani 64. Ili kukihamisha cha chini kabisa lazima kwanza uviondoe vyote vilivyo juu yake, kisha uvirudishe vyote; kwa hiyo kila kisahani kinachoongezwa kinazidisha kazi maradufu na kuongeza hatua moja. Visahani 64 vinataka hatua 18,446,744,073,709,551,615. Kwa hatua moja kila sekunde, ni zaidi ya miaka bilioni 580.

Niliwadokezea mzee wa miaka 82, na sitaki kuondoka bila kumtaja. Namba ya Sissa ukiiongeza 2 ndiyo namba ya Fermat inayofuata, 18,446,744,073,709,551,617. Mwaka 1880 Fortuné Landry, Mfaransa, alitangaza kwamba inagawanyika kwa 274,177. Kigawo cha pili ni 67,280,421,310,721, nacho ni tasa. Hakuwa na mashine. Atakayependa azidishe hizo mbili usiku wa leo. Inachukua karatasi moja, na tarakimu 20 zinatoka kama zilivyo.

Tangu Euler, hakuna aliyepata namba tasa ya sita ya Fermat. Kwa hesabu ya wanahisabati, ambao huipa 3 nafasi ya sifuri, namba zote za Fermat kuanzia ya 5 hadi ya 32 zimethibitishwa kuwa si tasa. Ya 20 na ya 24 tunajua zinagawanyika, na bado hakuna aliyepata hata kigawo kimoja cha yoyote kati ya hizo mbili. Ya 33 haijulikani kama ni tasa au la. Ina tarakimu zaidi ya bilioni 2.5.